Mapokezi manne, sheria nne: nani hasa analindwa na awadi ya makarani Australia?

Chukua wahudumu wanne wa mapokezi katika mtaa mmoja wa Melbourne. Wa kwanza yuko kwenye ofisi ya mafundi bomba, wa pili kwa mawakili, wa tatu kwenye kliniki ya daktari binafsi, wa nne hotelini. Wote wanapokea simu, wanapanga miadi, wanaandika barua pepe na kupokea malipo ya kadi. Wakibadilishana viti asubuhi, wateja wengi hawatang'amua kitu. Lakini siku ya mshahara kila mmoja analipwa kwa kufuata hati yake ya kisheria. Zinatofautiana katika mambo yanayouma mfukoni: saa za kawaida zinaanza lini na kuisha lini, Jumapili inalipwaje, ovataimu inahesabiwa kuanzia wapi.

Hati hizo ndizo Waaustralia wanaziita awadi. Awadi hutolewa na chombo cha shirikisho kinachoitwa Fair Work Commission, nami hapa nitakiita Tume. Awadi inaweka kima cha chini cha mshahara, madaraja ya kazi, saa, posho na nyongeza za usiku na wikendi kwa kundi fulani la wafanyakazi. Haitungwi na Bunge wala haisainiwi na mwajiri, ila ina nguvu ya sheria, na kwenda chini yake ni kosa. Ziko zaidi ya 120. Mhudumu wa mawakili yuko chini ya awadi ya huduma za kisheria, wa kliniki chini ya awadi ya wataalamu wa afya na wasaidizi wao, wa hotelini chini ya awadi ya ukarimu. Yule wa mafundi bomba ndiye peke yake aliye chini ya awadi ya makarani wa sekta binafsi, ambayo toleo linalotumika leo ni la mwaka 2020.

Kila Juni magazeti ya Australia huandika kuhusu asilimia ambayo Tume imeongeza kwenye mishahara ya awadi. Mwaka 2025 ilikuwa 3.5. Ni habari kubwa, sawa. Lakini kuna ibara nyingine, mwanzoni kabisa mwa kila awadi, ambayo haitangazwi kwenye taarifa ya habari na inaweza kumhamisha mtu kutoka malipo haya kwenda yale bila kiwango chochote kuguswa. Ni ibara inayosema awadi hii inamhusu nani.

Nani anachora mpaka, na kwa kalamu ipi

Kuna njia mbili za kugawa wafanyakazi kwa ajili ya mishahara ya chini. Ya kwanza ni kuangalia sekta: mwajiri wako anafanya biashara gani? Ya pili ni kuangalia kazi: wewe mwenyewe unafanya nini? Msomaji wa Tanzania ameizoea ya kwanza. Amri ya Mishahara inapanga kima cha chini kwa sekta, kama vile madini, biashara na viwanda, huduma za fedha au ulinzi binafsi, na karani anapata kima cha sekta aliyomo. Msomaji wa Kenya ameizoea zaidi ya pili. Ile amri ya jumla ya mishahara inawataja watu kwa kazi zao, yaani karani mdogo, karani wa kawaida, keshia, mhudumu wa mapokezi, kisha inawatofautisha tena kwa mahali, Nairobi na miji mikubwa ikiwa juu ya miji midogo.

Australia imechanganya zote mbili, na hapo ndipo mafundo yanapoanza. Awadi nyingi ni za sekta, lakini awadi ya makarani ni ya kazi. Kwa hiyo zinagongana. Mtu anayechapa ankara kwenye ofisi ya hoteli ni karani kwa kazi yake na ni mtu wa hoteli kwa sekta yake, naye hawezi kulipwa kwa awadi mbili.

Suluhisho lililomo kwenye awadi ni kuifanya ile ya makarani iwe ya mwisho kwenye foleni. Inawahusu waajiri wote wa sekta binafsi nchini, kwa wafanyakazi wao ambao kazi yao yote, au sehemu yake kuu, ni ya ukarani. Hapo hapo inajiondoa pale ambapo awadi ya sekta ina madaraja yake ya makarani, na inaorodhesha kwa majina zile inazozipisha: za benki, fedha na bima, za rejareja, za hoteli, za mawakili, za afya, za simu na mawasiliano, za kampuni za vituo vya simu vya kukodishwa, na nyingine kadhaa. Awadi ya mabomba haina daraja la karani. Ndiyo maana yule dada wa mapokezi kwa mafundi bomba anabaki mikononi mwa awadi ya makarani.

Na ukarani wenyewe umeelezwa kwa mapana: kuandika kumbukumbu, kuchapa, kukokotoa, kutoa ankara, kuhakiki, kupokea na kujibu simu, kushika fedha, kuendesha swichibodi, kukaa mapokezi. Swichibodi! Orodha imetoka enzi za waya na plagi, lakini imewameza bila shida watu wa mifumo ya hesabu ya kompyuta, kwa sababu inataja tendo, haitaji kifaa.

Jumapili moja, malipo mawili

Ili usidhani haya ni mabishano ya wanasheria peke yao, linganisha watu wawili. Mmoja ni karani wa oda kwenye duka la fanicha, ambaye ni wa awadi ya rejareja. Mwingine ni yule wetu wa mafundi bomba. Viwango vyao vya msingi kwa saa havipishani sana. Wote wameitwa Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana.

Kwa awadi ya rejareja, Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni ndani ya saa za kawaida. Mwajiriwa wa kudumu analipwa asilimia 150 ya kiwango chake na zile saa zinaingia kwenye saa 38 za kawaida za wiki. Kwa awadi ya makarani, saa za kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, na Jumamosi hadi saa sita na nusu mchana. Jumapili haimo. Kwa kawaida ni ovataimu ya asilimia 200, na ukiitwa unalipwa si chini ya saa nne. Karani wa duka akibaki kazini Jumatano hadi saa mbili usiku, bado yuko ndani ya saa za kawaida, ingawa kuna nyongeza ya jioni. Karani wa mafundi bomba saa moja jioni ikipita, mita ya ovataimu imeanza kuhesabu. (Kuna kifungu kinachoruhusu saa za karani zisogezwe akiwa anafanya kazi bega kwa bega na watu wa awadi nyingine. Mambo haya hayajawahi kuwa mepesi.)

Sasa fikiria mtu anaomba ibara ya mipaka ibadilishwe ili kundi fulani la makarani liondoke awadi moja liingie nyingine. Hajagusa hata senti ya kima cha chini. Lakini ameigusa Jumapili ya maelfu ya watu, na katika kazi ya ukarani wengi wao ni wanawake. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi na shirikisho la waajiri wanaweza kupelekana mbele ya Tume miezi kadhaa kwa sababu ya maneno kumi.

Mpaka unahamishwaje kisheria

Sheria ya mwaka 2009, Fair Work Act, inaruhusu Tume kubadilisha awadi, iwe kwa kuombwa na mwajiri, mwajiriwa au shirika lao, au kwa hiari yake. Anayeomba lazima aonyeshe kwamba badiliko ni la lazima ili awadi itimize lengo lake la kuwa wavu wa chini ulio wa haki. Neno lenye uzito hapo ni "lazima". Kusema tu kwamba ingekuwa vizuri hakutoshi. Kuna pia mlango mdogo wa kurekebisha utata au kosa la uandishi, na mlango huo hupendwa, kwa kuwa mtu anaweza kuingia akidai anafafanua tu, kumbe anahamisha ukuta.

Linapokuja suala la kuwatoa watu, kuna kizuizi ambacho binafsi nakiona ndicho kifungu bora kabisa katika sehemu hiyo ya sheria. Kifungu cha 163 kinasema Tume haiwezi kubadilisha awadi ili waajiriwa fulani wasihusike nayo tena, mpaka iridhike kwamba wataangukia kwenye awadi nyingine inayowafaa. Na ile awadi ya mchanganyiko, iliyowekwa kwa ajili ya wasio na pa kwenda, haihesabiki. Huwezi kumfukuza karani chumbani ukamwambia akalale barazani.

Upande wa juu pia kuna dari. Kifungu cha 143 kinakataza awadi kuwafunika watu ambao, kwa aina au ukubwa wa nafasi zao, kwa desturi hawajawahi kuwa chini ya awadi. Madaraja ya makarani yanaishia la tano. Anayepanda zaidi ya hapo anaingia kwenye anga la mameneja, na huko analindwa na kima cha chini cha taifa, vile viwango vya jumla vya ajira, na ulimi wake wakati wa kujadili mkataba.

Badiliko kubwa kuliko yote lilitokea kati ya 2008 na 2010. Kabla ya hapo kulikuwa na awadi za shirikisho na za majimbo zaidi ya 1,500, na karani wa Sydney na mwenzake wa Adelaide walikuwa na hati tofauti kabisa. Machi 2008 Julia Gillard, wakati huo waziri wa ajira, aliitaka tume ya wakati ule izifumue zote na kuzisuka upya. Awadi ya makarani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuandikwa, na namba yake ya usajili bado inaonyesha: MA000002. Awadi hizo mpya zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2010. Kwa kuwa wengine walikuwa wanapanda na wengine wanashuka, tofauti za malipo zilimezwa kidogo kidogo kwa mafungu matano, kila Julai kuanzia 2010 hadi 2014, na aliyepungukiwa mshahara wa mkononi aliweza kuomba amri ya kuulinda. Miaka mitano ya mpito kwa sababu ya kuhamisha mipaka. Asiyeona kwamba mpaka ni pesa, alitazame hilo.

Walipoambiwa kazi yao si ya viwandani

Swali la nani anahusika ni la zamani kuliko awadi zilizopo. Katiba ya Australia iliipa serikali ya shirikisho mamlaka juu ya usuluhishi wa migogoro ya viwandani inayovuka mipaka ya jimbo, na sheria ya usuluhishi ikatungwa mwaka 1904. Wachimba migodi na wakata manyoya ya kondoo waliingia bila swali. Lakini makarani wa benki na bima walipotaka nao awadi, waajiri wao walikuja na hoja tamu: kiwanda kiko wapi? Hawa wanashika kalamu, hawazalishi kitu, kwa hiyo mgogoro wao hauwezi kuitwa wa viwandani.

Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Australia iliikataa hoja hiyo. Benki na bima, ilisema kwa ufupi, zimeshikana na viwanda kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha, na makarani wake wana haki ya kufika mbele ya usuluhishi. Walimu wa shule za serikali hawakubahatika. Mwaka 1929 mahakama hiyo hiyo iliwafungia mlango kwa kuwa kufundisha si shughuli ya viwandani. Ilichukua hadi 1983, katika shauri la watumishi wa mradi wa kusaidia vijana, majaji kukubali kwamba mgogoro wa viwandani ni kile ambacho mtu wa kawaida angekiita hivyo, yaani mgogoro kati ya mwajiri na waajiriwa juu ya masharti ya kazi. Chama cha makarani, Federated Clerks' Union, kilishuhudia hayo yote kabla ya kuungana na vingine mwaka 1993 na kuwa Australian Services Union, ambacho hadi leo ndicho kinachosimama upande wa makarani mbele ya Tume.

Mipaka inayohama bila ombi

Hadi hapa nimezungumzia mabadiliko ya wazi, yenye jalada na tarehe ya kusikilizwa. Kwa maoni yangu makarani wengi zaidi huhamishwa kimyakimya.

Njia moja ni kukodisha kazi nje. Kampuni yenye kitengo chake cha kupokea simu za wateja mara nyingi ina watu walio chini ya awadi ya makarani, ambayo ina hadi madaraja ya vituo vya simu. Siku kampuni hiyo ikiamua simu zipokelewe na kampuni nyingine ambayo biashara yake ndiyo hiyo, mpokeaji mpya, mwenye vifaa vile vile masikioni na maneno yale yale ya salamu, yuko chini ya awadi ya vituo vya simu vya kukodishwa.

Njia ya pili ni cheo. Karani anaitwa ofisini, anapewa mkono, anaambiwa tangu leo wewe ni meneja wa utawala. Mshahara wa mwaka unatajwa kwa jumla, ovataimu inasahaulika. Sheria haidanganyiki kirahisi hivyo. Kinachoangaliwa ni lengo kuu la ajira yako, wala si maandishi ya mlangoni. Katika shauri moja la mwaka 2002, ambalo bado linanukuliwa kila mara, majaji wa rufaa wa tume walisema haitoshi kuhesabu saa alizotumia mtu kwenye kila kazi. Lazima uitazame kazi yenyewe na mazingira yake ili ujue aliajiriwa hasa kwa ajili gani. Mwombaji alisema yeye ni mtu wa mauzo, kwa hiyo yuko ndani ya awadi ya wauzaji. Walipochambua, walimkuta ni meneja anayeuza, na awadi hiyo haikumhusu.

Utashangaa kwa nini mtu apambane aitwe mdogo. Jibu liko kwenye kufukuzwa kazi. Mtu mwenye kipato kinachozidi kiwango fulani, ambacho kuanzia Julai 2025 ni dola 183,100 za Australia kwa mwaka, hawezi kulalamika kwamba ameachishwa bila haki, isipokuwa kama kuna awadi inayomfunika au makubaliano ya pamoja yanayomhusu. Basi siku ya kesi majukumu yanageuka. Bosi aliyekuwa akimwambia mwajiriwa "wewe ni karani tu hapa" sasa anaapa kwamba alikuwa nguzo ya kampuni. Mwajiriwa aliyetembea na kadi ya jina yenye cheo cha mistari miwili sasa anaeleza kwa unyenyekevu kwamba kazi yake ilikuwa kuhakiki ankara na kujibu barua pepe. Ukisoma hukumu kadhaa za namna hii utacheka, kisha utaanza kuweka nakala za maelezo yako ya kazi.

Yupo pia karani ambaye awadi inamfunika lakini haitumiki kwake, kwa kuwa kampuni yake ina makubaliano ya pamoja yaliyopitishwa na Tume. Yale makubaliano yanatawala mpaka yatakapovunjwa, ingawa mshahara wake wa msingi hauruhusiwi kuwa chini ya ule wa awadi.

Magharibi ni kwingine

Ukikaa Perth, mji mkuu wa jimbo la Western Australia, kuna tabaka jingine. Majimbo mengine yalikwisha kukabidhi sekta binafsi kwa mfumo wa shirikisho. Western Australia haikukubali. Kwa hiyo karani wa mfanyabiashara asiye na kampuni iliyosajiliwa, kwa mfano duka la ubia wa mtu na mkewe, yuko chini ya tume ya jimbo na awadi zake, baadhi zikiwa na mizizi ya miaka ya 1970. Mipaka ya awadi hizo za zamani ilichorwa kwa kufuata biashara za waajiri waliotajwa kwenye hati siku ile. Aina ya biashara iliyozaliwa baadaye haikuwemo, na karani wake akabaki bila awadi yoyote, akilindwa na kima cha chini cha jimbo tu. Marekebisho ya sheria ya jimbo ya mwaka 2021 yaliifungulia tume ya huko njia ya kupanua mipaka ya awadi za sekta binafsi.

Kwa ndugu zetu waliopo Australia, walio kwenye kazi za mapokezi, vituo vya simu na ofisi za kampuni ndogo, mambo ya kufanya ni machache. Muulize mwajiri kwa maandishi ni awadi ipi na daraja lipi, usikubali jibu la mdomo. Linganisha na unachofanya kweli kwa wiki nzima, siyo na cheo. Kama unalipwa mshahara wa mwaka kwa utaratibu ulioko kwenye awadi ya makarani, mwajiri analazimika kutunza saa zako na kila baada ya miezi 12 kukokotoa kama ulichopata hakikupungua chini ya kile ambacho awadi ingekupa, na tofauti akulipe. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kumpunja mfanyakazi kwa makusudi ni jinai. Madai ya malipo yaliyopunjwa unaweza kuyarudisha nyuma miaka sita. Kuachishwa kazi hakuna subira hiyo: ombi lifike Tume ndani ya siku 21, na swali la awadi gani inakufunika ni miongoni mwa ya kwanza utakayoulizwa.